Mama Mdaiwa

Katika rejista ya mahakama yetu aliandikwa mdaiwa mara nne, na mara zote nne kalamu ilikuwa yangu. Mdai alibadilika, jina la shamba lilibadilika, hakimu naye alihamishwa akaja mwingine. Yeye alibaki safu ile ile, mpaka watu wa Kwaluguru wakaacha kumwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, wakamwita Mama Mdaiwa. Wengine walilisema kwa kumsimanga. Yeye aliitikia kama mtu aliyepandishwa cheo.

"Mimi sijamshtaki mtu," alikuwa akisema. "Wao ndio wana kazi ya kutembea. Mimi nimekaa."

Sitasema alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Hayo yamo kwenye majalada, kama mchwa hawajayamaliza, na mahakamani ukoo ulitajwa hadi ukatuchosha. Nitasema niliyoyaona mimi, karani wa mahakama ya mwanzo, mtu wa Mpale niliyeteremka tambarare miaka ya kwanza ya Uhuru nikiwa na mwandiko mzuri na kiburi kingi.

Kesi yenyewe ilianza hivi. Mumewe alifariki, na kabla arobaini haijafika shemeji yake, mdogo wa marehemu, akamwambia afungashe, shamba ni la baba yao. Mama akakataa. Shemeji akafungua shauri, moja ya yale ya mwanzo kabisa baada ya mabaraza ya majumbe kufutwa. Shamba lilikuwa refu, limefuata kijito, na katikati yake palisimama mkuyu. Hakimu alisikiliza, wazee wa baraza wakatoa maoni yao, hukumu ikatoka: sehemu aliyoifyeka mzee baba yao apewe shemeji, na sehemu waliyoifyeka mke na mume ibaki kwa mama. Mpaka ni mkuyu. Ungedhani mambo yameishia hapo.

Hayakuisha. Sehemu aliyopewa mama ilikuwa ya mawe, kijito kinapoingia korongoni. Shemeji alipata bonde lenye udongo mweusi. Lakini mwanamke huyu alipanda michungwa katikati ya mawe yale, akaimwagilia kwa ndoo ya kichwani, na miti ilipoanza kuzaa, shemeji akagundua kwamba mawe nayo yalikuwa ya baba yake.

Shauri la pili lilikuja likiwa limevaa nguo nyingine. La kwanza lilikuwa shamba la Mkuyuni. Hili likawa shamba la Kwamawe. Nililiandika bila kushtuka, nikamtuma tarishi apeleke hati ya kuitwa shaurini. Siku ya kusikilizwa mama akaingia mahakamani amejitwisha mto wa kulalia.

Watu walikuwa wameshamtania njia nzima. "Mama, unakwenda kulazwa?" Akauweka mto mezani mbele ya hakimu, akatoa sindano kwenye ukosi wa gauni, akaanza kufumua.

"Mama, hiki ni nini?" hakimu akauliza.

"Mto."

"Mahakamani unakuja na mto?"

"Hukumu yangu imelala humo."

Sufi ikaruka, ikamkaa hakimu kwenye nywele na mimi puani, na katikati ya sufi ikatoka nakala ya hukumu, imekunjwa mara nne, muhuri wetu unang'aa kama umepigwa jana. Hakimu akaisoma. Akamwuliza mama ana nini la kusema.

"Nilishasema."

"Mimi sikuwepo. Nieleze upya."

"Mlishaandika. Mkitaka nirudie, maana yake mara ya kwanza mlikuwa mnanitania."

Hakimu yule alikuwa mtu wa hasira za karibu, na nilidhani atamweka ndani kwa kuidharau mahakama. Badala yake alimgeukia shemeji, akamwuliza kama hii Kwamawe iko upande gani wa mkuyu. Shemeji akamung'unya maneno. Basi hakimu akafunga jalada akasema maneno ambayo kila karani anayajua: shauri lililokwisha kuamuliwa kati ya watu wale wale, juu ya kitu kile kile, halifunguliwi tena. Asiyeridhika ana rufaa, na rufaa ina siku zake. Mama akaokota sufi yake, punje kwa punje, akiwa amepiga magoti sakafuni, na hakuna aliyethubutu kumwambia atoke.

Niseme wazi kwamba nilimpenda mwanamke huyu, na nilimwogopa. Alikuwa na ulimi mkali na hakuwa na subira na wajinga, hasa wajinga wenye kalamu. Alikuwa akinisalimia kwa jina la kazi. Nikimwamkia, "Shikamoo mama," ananijibu, "Marahaba Karani, nani tena leo?" Alinizidi kwa mambo mengi, pamoja na sheria, ingawa wakati ule hakujua kusoma hata herufi moja.

Shauri la tatu lilimleta mtoto mkubwa wa shemeji. Hoja yake ilikuwa kwamba yeye hajawahi kushtaki, kwa hiyo kwake jambo ni jipya. Na shamba alilolidai liliitwa Michungwani.

Siku hiyo mama alicheka kabla ya kuulizwa. "Bwana hakimu, mwulize kijana, hilo Michungwani aliliacha nani?"

"Babu yangu," kijana akasema.

"Michungwa nimepanda mimi, baada ya hukumu. Babu yako alikuja kulitia jina akitokea kaburini?"

Mahakama nzima ilicheka, hata yule mzee wa baraza aliyekuwa na kawaida ya kusinzia. Lakini hakimu, ambaye alikuwa mgeni na mwangalifu, alisema hawezi kujua kama ni kitu kile kile bila kukiona. Tukaenda shambani, hakimu, wazee wa baraza na mimi na daftari langu. Ndiyo mara yangu ya kwanza kukanyaga pale. Nilikuwa nimeliandika shamba lile kwa miaka, na sikuwa nimeliona.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe, maana nimekuwa nikilizunguka.

Katika shauri la kwanza mama alisema, "Mimi na mume wangu tulifyeka upande wa juu wa mkuyu." Kwetu Mpale juu ni juu: ni mlimani. Hata ukiwa Korogwe mjini ukimwelekeza mtu, juu ni kule milima iliko. Kwa hiyo, kwa uzuri wa kazi yangu, ili mtu asije akababaika, niliongeza maneno mawili matatu. Niliandika: "upande wa juu wa mkuyu, yaani upande wa milimani." Nilijisikia msomi. Hakimu aliandika hukumu yake wiki kadhaa baadaye akifuata daftari langu, na maneno yangu yakaingia humo kama maneno ya mama.

Nilipofika pale na hakimu wa tatu nikaona maji. Kijito kile kinatoka nyikani kusini, kinateremka kuelekea Usambara, kikaungane na mto mkubwa ulioko chini ya milima. Milima yetu inaonekana pale vizuri kabisa, na maji yanaiendea. Kwa mtu wa Kwaluguru juu ni maji yanakotoka. Juu ya mkuyu ni bonde. Mama na mumewe walifyeka bonde lile lenye udongo mweusi, na mimi, kwa maneno yale ya nyongeza, nilimhamishia mama kwenye mawe.

Nikakumbuka kitu kingine ambacho ningependa sana kukisahau. Mara tu mipaka ilipowekwa kufuatana na hukumu ya kwanza, mama alikuja ofisini kwangu, na vumbi hadi magotini. Alisema, "Karani, sivyo. Wamenipa kusiko." Nilikuwa nala mkate. Sikufungua jalada. Sikumwambia ana siku za kukata rufaa. Nilimwambia, "Hukumu imekwisha, mama. Haifunguliwi." Alinitazama kidogo, akarudia maneno hayo polepole, kama mtu anayejifunza, akaondoka. Ndiyo maneno aliyowapigia shemeji na mtoto wake miaka yote iliyofuata. Nilimfundisha mimi, na mkate mdomoni.

Siku ile shambani hakimu aliridhika kwamba ni shamba lile lile, akalitupa shauri. Mimi niliandika "mipaka imeonekana." Nilikuwa na mke, watoto, na nyumba ya serikali. Nilijitia hamnazo.

Watu wanaomkumbuka kwa ukaidi wake hawajui upande wake mwingine, au wanaujua hawautaji. Mke wa shemeji alikuwa akija kwake kila mwanzo wa mvua. Niliwakuta siku moja. Mgeni alisimama nje ya safu ya kwanza ya michungwa, jembe begani, akapiga hodi kama pana mlango.

"Sema ulichokuja nacho," mama akamwambia.

"Naomba ngwe mbili za mihogo, dada."

"Za nani?"

"Zako."

"Lima."

Ngwe mbili kwao si kitu kidogo, ni siku kadhaa za jembe. Na machungwa alimruhusu achume ya kula na watoto. Nilimwuliza kwa nini amfedheheshe mwenzake kwa kumsemesha vile kila mwaka.

"Simfedheheshi. Akilima miaka kumi bila kuomba, mwanawe atakuja kwako na karatasi. Kwa ombi, hata mti mzima nampa. Kwa shauri, hapati jani."

Halafu vikaja vijiji vya ujamaa. Tuliambiwa tuhame, tukahama, na nyumba zikapangwa mistari kando ya barabara. Mama alihamia bila ugomvi. Alijitwisha milango yake mwenyewe. Kwenye mkutano kiongozi mmoja kutoka wilayani alieleza kwamba ardhi sasa ni ya wote, na mambo ya shamba langu, shamba lako, ni ya kikabaila. Mama akanyoosha mkono.

"Ndugu, nimekuelewa. Na mimi ni mmoja wa hao wote?"

"Ndiyo, mama."

"Basi yangu ipo pale kwenye mawe. Mkinihitaji mtanikuta."

Watu walishika midomo. Kiongozi alitazama orodha yake, akaona ni mawe na michungwa, akaliruka shamba lile. Shamba la kijiji likawekwa bondeni, kwenye udongo mweusi, na shemeji akapoteza alichopata. Mama alikwenda kulima bondeni kila siku ya kazi ya pamoja. Hakukosa. Nilimwona nikipita kwa baiskeli, ameinama katika mstari wa wanawake, analima kama mali ya kijiji ardhi aliyoing'oa visiki na mumewe. Niliendesha kwa kasi.

Miaka hiyo hiyo alikwenda kisomo cha watu wazima. Wenzake walijifunza ili wasome barua za watoto. Yeye alimwambia mwalimu anataka kusoma karatasi moja tu.

Basi shauri la nne lilipofika, la mtoto yule yule wa shemeji, sasa mtu mzima mwenye ndevu, mambo yalikuwa mengine. Shemeji alikuwa amekwisha kufa. Kijana hakuliita tena shamba, aliliita eneo. Alisema vijiji vimefuta yote ya zamani, hukumu za zamani pia, na kila mtu aanze upya. Hoja haikuwa ya kipumbavu. Niliona hakimu anaipima. Na niseme haki ya kijana: alikuwa na watoto sita na hana pa kulima isipokuwa ngwe mbili za kuombewa na mama yake.

Hakimu aliomba nakala ya hukumu ili nisome. Mama akasema, "Nasoma mwenyewe."

Alisimama. Alisoma kwa kidole, kwa sauti, neno baada ya neno, na mahakama ilimsubiri. Alipofika penye "yaani upande wa milimani" kidole kilisimama. Akainua uso, akanitazama mimi. Hakumtazama hakimu wala mdai. Kisha akateremsha kidole akaendelea hadi mwisho, hadi kwenye sahihi na muhuri.

"Hiyo ndiyo hukumu," akasema. "Nyumba zimehama. Mkuyu haukuhama."

Alishinda. Vijiji, hakimu alisema, vimehamisha watu, havikuwapa ruhusa ya kushtakiana mara ya pili. Mimi nilisubiri aje ofisini. Hakuja, na nilipomwamkia wiki iliyofuata alinijibu kama kawaida.

Nilistaafu, nikajenga Kilole. Nilisikia huko kwamba shamba la kijiji limelegea, kwamba halmashauri ya kijiji imeamua kurudisha bonde kwa mwenyewe, na mwenyewe kwa mujibu wa hukumu ni mtoto wa shemeji. Nilikosa usingizi, nikakosa na hamu ya chakula. Mwishowe nikaketi nikaandika maelezo yangu yote: neno lilivyosemwa, nilivyoliongeza, maji nilivyoyaona, na nilivyonyamaza. Nikapanda basi.

Nilimkuta kwenye michungwa yake, amekonda, amekaa juu ya jiwe anamenya mihogo. Nilimpa karatasi. Aliisoma yote. Ilimchukua muda mrefu, na mimi nilibaki nimesimama kwa sababu hakuniambia nikae.

"Ulijua lini?"

"Siku tuliyokuja kuona shamba, mama."

"Mimi nilijua kisomoni. Nilisoma maneno yangu nikakuta moja si langu. Nikasema, huyu akiwa mtu atakuja."

"Nimekuja."

"Umekuja umestaafu."

Nilimwambia kwamba bonde halijakabidhiwa bado, aipeleke karatasi mahakama ya wilaya, aombe marejeo, hukumu itazamwe upya, nitasimama niseme mwenyewe. Nilisema kwa haraka, kwa furaha hasa, kama mtu anayetua mzigo.

"Hapana," akasema.

"Mama, ni haki yako."

"Usinifundishe haki yangu. Nililifyeka lile bonde nina mimba. Najua ni langu kuliko unavyojua jina lako." Aliweka kisu chini. "Lakini nimesimama mbele ya mahakimu watatu nikawaambia lililokwisha limekwisha. Wakanisikiliza. Leo nifungue mimi kwa neno moja? Yule kijana atafungua kwa maneno mia, na watoto wake watafungua, na wanangu nitawaachia kesi badala ya miti. Hapana. Sitembei. Niliwaambia nimekaa."

"Basi nisamehe."

"Hilo ni shauri lingine." Akanirudishia karatasi. "Mkutano wa kukabidhi ni kesho asubuhi. Utakuja uisome mbele ya watu. Bonde silitaki tena. Nataka wajue ninachokiacha."

Nililala kwa tarishi wetu wa zamani, na asubuhi nilikwenda. Nilisimama mbele ya kijiji kizima, mbele ya mtoto wa shemeji na mama yake, nikasoma. Penye mkate ilinibidi niirudie sentensi. Nilipomaliza niliikunja karatasi. Mtoto wa shemeji alikuwa ameinamisha kichwa. Mwenyekiti alikuwa hajui pa kushika. Akauliza, kwa sauti ya chini, sasa wafanyeje.

Mama alinyanyuka kwa kujishika goti.

"Mmesikia. Lile bonde nililifyeka mimi na mume wangu, na hakuna atakayesema tena vinginevyo. Na hukumu ni ile ile. Mpeni."

Watu wakaanza kunong'ona. Mwenyekiti akasema hili ni zito, ni lazima liingie kwenye kumbukumbu, na katibu hajafika. Akaangaza macho, akaniona bado nimesimama.

"Karani yupo," akasema. "Ana mwandiko mzuri. Aandike yeye."

Wakanipa daftari na kalamu. Nilimtazama mama. Hakutabasamu wala hakununa.

"Aandike," alisema. "Nilivyosema. Asiongeze neno."

Nikakaa chini, nikaandika.